Zamu ya Usiku

Jumanne mbuzi alining'ata.
Si mbuzi wa zizini: huyu wa mbao, mwenye ulimi wa chuma,
niliyemrithi kwa mamangu, ninayemkalia kila alfajiri
kukuna nazi za mbaazi kabla Majengo haijaamka.
Kifuu kiliteleza. Machicha yakaingia wekundu.
Nikafunga kitambaa, nikaendelea.
Mteja wa mahamri hangoji kidonda.

Jumatano kidole gumba kilikuwa na jua lake.
Kimeumuka, kinadunda,
kama mtu yumo ndani anabisha hodi atoke.

Mwanakheri, anayesomea uuguzi, alikimulika kwa simu.
"Huo moto si wa adui, Mama. Huo ni wetu."

Akanieleza: ngozi ni ukuta wa wafu,
seli zilizokwisha kufa zikapangwa kama mawe,
na jasho juu yake ni chumvi ya kufukuzia.
Makamasi hunasa vumbi la Kibarani na moshi wa malori,
vinyweleo vikalifagia kulirudisha nje.
Machozi huosha hata siku usiyolia.
Tumboni mna tindikali; siki ya achari haioni ndani.

"Na ukuta ukitoboka?"

"Basi hutoka wao."

Hujipenyeza kwenye mishipa, ubavu ubavu,
kama watu wawili wakipishana vichochoroni Kibokoni.
Hawana daftari. Hawaulizi kabila la kidudu wala kimetoka wapi.
Si wetu? Wanakimeza.
Wapo wengine, alisema, wanaokumbuka sura,
lakini hao wakubwa wa ofisi, huchukua siku kufika.
Hawa ni wa zamu ya usiku.

Hapo nikamwona baba.

Miaka ishirini na miwili lango la ghala, Shimanzi,
rungu, tochi, chupa ya chai kavu.
Kwenye orodha ya mishahara hakuwa Mwachirumu bin Mwinyi.
Aliandikwa *mlinzi, lango la pili*.
Mvua moja ya Mei alimvunja mkono kijana
aliyejibanza ukutani asilowe. Mwizi hakuwa.
Bosi akamwambia umefanya kazi yako.
Baba hakula siku mbili.

"Nao hukosea?" nikauliza.
"Huo uchungu, Mama, nusu yake
ni marungu yao yakiwapiga wenyeji."

Sikulala. Homa ilikuja kidogo, ikaondoka na adhana.
Nilikiweka kidole juu ya mto kama mgeni,
nikakisikiliza kikifanya kazi gizani
bila mimi kukiambia lolote.

Ijumaa kikapasuka.
Usaha ukatoka mzito, rangi ya tui lililolala.
Nikakunja uso. Mwanakheri hakukunja.
"Ndio hao. Hufa wamekumbatia walichokimeza."

Baba naye walimkuta asubuhi, ameketi,
rungu magotini, kufuli limefungwa,
gunia hata moja halikupungua.
Kampuni ilileta sukari kilo mbili.

Pamba ilikuwa mkononi mwangu,
ndoo ya taka hatua moja.
Nikasimama nayo.
Sikujua mtu hufanya nini na pamba kama hiyo.
Kisha nikasema, polepole,
na mwanangu akajifanya anatafuta bendeji:

Poleni na kazi.

Jikoni mbaazi zilikuwa zimeanza kushika chini.