Gorogoro la Wekundu

Adoyo alinipigia saa tatu usiku, kutoka Kondele,
hakuniamkia wala hakuuliza nimekula nini.
"Ogweno, rangi yangu imefanya nini?
Kando ya kila mkebe niliweka kijisanduku cha rangi yake,
na kile cha nyekundu ni cheusi
kama sufuria ya matanga.
Mteja wa Ahero ameniuliza kama nauza lami."

Katika watu wote wa kuulizwa habari ya nyekundu:
mimi, niliyetumwa Kibuye nyanya mbivu
nikarudi na mfuko wa mbichi,
mama akaninyamazia mpaka ugali ukapoa.
Macho yangu hayatenganishi.
Nyekundu na kijani kwangu
ni mapacha waliovalishwa sare moja.

Lakini namba naziona.
Na tumbo la kivinjari ndiyo kazi yangu,
pale maandishi yanapogeuka kuwa sura.

Aliyemtengenezea ukurasa, kijana wa Nyalenda,
aliandika nyekundu mia tatu.
Alitaka iwe nyekundu sana, nyekundu ya kuvuta wateja,
wala hakuambiwa na mtu
kwamba chombo hujaa mia mbili hamsini na tano.

Kwenye kompyuta yangu, sawa.
Kwenye simu ya Adoyo, giza.
Kumbe humu ndani mna njia mbili.
Ya kwanza, ya wazee, yajua kukata kilichozidi.
Ya pili ni ya mkato, ilichongwa juzi ili kuokoa betri:
ilipokea mia tatu, ikaishindilia kwenye baiti moja,
baiti ikajaa, ikamwagika yote,
ikaanza upya, sifuri, moja, mbili,
ikakomea arobaini na nne.
Wekundu uliozidi
ukarudi kuwa usiku.

Nani hupima hivi?
Min Akeyo hupima mahindi kwa gorogoro.
Likifika mdomo hupitisha kiganja,
za juu zikarudi guniani,
nawe unapewa lililojaa.
Hajawahi, hata siku aliyokosana na askari wa kanjo,
kulimwaga lote chini
kisha akuokotee punje zilizozidi, akwambie:
haya, hizi ndizo zako.

Basi nikaandika kiganja.
Ikizidi, kata. Ikishuka chini ya sifuri, iwe sifuri.
Mistari miwili, kwa saa nne za kutafuta pa kuiweka.
Majaribio elfu sita yakapita.
Moja likagoma.

Lilikuwa na nusu:
mia moja ishirini na saba na nusu.
Njia moja iliipandisha, nyingine iliishusha.
Jicho gani litaona nusu?
Langu? La nani?
Stima ikapotea, ikarudi. Mbu wakanila miguu.
Ningeweza kuliacha.
Lakini nimekulia Seme, najua
kesi ya shamba huanzia kwa jirani wawili
na unyayo mmoja wa mpaka.
Nikazifunza njia zote mbili kupandisha.

Wiki tatu baadaye toleo jipya lilifika kwenye simu yake.
Nilikuwa dukani, nimekalia kreti ya soda.
Adoyo akafungua ukurasa, akanyamaza.
Nami nikachungulia: kijisanduku cha udongo udongo,
kama vyote nilivyowahi kuviona.

"Imekuwa nyekundu?"

Hakujibu. Aliinua simu kando ya mkebe wenyewe,
uliofunguliwa asubuhi, rangi imeganda ukingoni,
akatazama huku, akatazama kule,
kama anayelinganisha mtoto na baba.

"Ya simu imezidi kidogo," akasema.
"Lakini ni nyekundu."

Nikamwambia haiwezi kuzidi tena,
ni mia mbili hamsini na tano kamili.

Akafunika mkebe, akaugonga kifuniko kwa ngumi.
"Kwa bei hiyo," akasema, "nitakula hasara."