Mara Tisa, Mara Tatu

Bunduki ilikuja na jicho lake la mchana,
jeusi, refu, lenye kuvuta mbali hadi mara tisa.
Jicho la usiku lilifuata miaka minne baadaye,
ndani ya boksi lenye nembo ya wafadhili,
fupi kama kopo la maziwa,
bila karatasi ya kueleza linakaa wapi.

Mkuu wa kituo akasema: Viunganishe.
Kama mtu anayeagiza chai na kitumbua.

Nikapanda basi la asubuhi kutoka Magu hadi Nyakato,
kwa Lubinza, fundi wa kukereza vyuma.
Akavitazama, akapiga mluzi,
akakereza pete ya alumini, akavivalisha.
"Imezidi unywele mmoja," akasema,
na unywele huo akauziba kwa mpira wa tairi la baiskeli.
"Hivi havikuzaliwa pamoja. Usivilazimishe."

Habari hiyo naijua.
Mimi na Nyanzobe tuna kitanda kimoja na zamu mbili:
yeye anarudi wodini, mimi nafunga kamba za buti.
Joto la shuka tunaachiana mlangoni.

Usiku wa kwanza hapakuwa na mwezi.
Majaruba ya ukingoni mwa Simiyu,
pale mto unapochoka kuwa mto,
yalikuwa yamelimwa na viboko kabla ya mavuno.
Jilala alikuwa ameandika barua tatu kwa mkuu wa wilaya.
Nikalala kifudifudi kwenye tuta, matope hadi kifuani,
nikaweka jicho langu nyuma ya jicho
lililo nyuma ya jicho.

Ziwani taa za wavuvi wa dagaa
zikapasuka kila moja kama yai.
Nikageuza mtutu upande wa mpunga.
Mara tisa.
Chenga.
Chenga za kijani, kama runinga iliyoangusha antena,
kama mchele wa mashine mbovu,
na katikati ya chenga, mgongo.

Mgongo mpana, unainuka, unainama.
Msalaba niliupunguza taa hadi mwisho
na bado uliwaka kama kaa la moto.
Kidole kikaenda chenyewe kilipozoea kwenda.

Hakuna aliyenifundisha jambo hili, wala halikuwa kwenye boksi:
ukivuta kitu karibu,
giza nalo linakuja karibu.
Mara tisa, na nuru imegawanywa
kama samaki mmoja kwa nyumba nzima.
Sijui kwa nini niliigeuza ile pete. Labda shingo ilichoka.
Mara saba. Mara tano.
Mara tatu,
na mgongo ukapungua, ukapata ukingo,
ukapata kofia.
Ukapata jembe.

Jilala mwenyewe, mwenye barua tatu,
anachimbua tuta la jirani yake
maji yahamie kwake kimyakimya.

Nikatoa risasi chemba, nikaitia mfukoni.
Ilikuwa na joto kuliko mkono wangu.
Sikumwita. Ningemwitaje?
Ningesema nilikuwa nakutazama kwa msalaba?

Nilipoondoa uso kwenye mpira, jicho la kulia lilikuwa kipofu,
limejaa waridi la ajabu.
La kushoto, ambalo halikuwa limefanya kazi yoyote,
liliona nyota, na mstari wa matete.
Na sikio, lisilo na pete wala mfadhili,
likasikia nyuma yangu, hatua thelathini hivi,
mtu mzito akitafuna mpunga bila haraka.

Hakuwa mtu.

Tulikaa hivyo, sote watatu,
Jilala na jembe lake,
mimi na mashavu kwenye matope,
na yule mwenye shamba halisi,
hadi jogoo wa kwanza.

Asubuhi nilimkuta Nyanzobe akivua viatu.
Nikamwambia sasa nimejua
upande wako wa siku una rangi gani: kijani.

Akacheka, akanifuta tope sikioni.
"Usiku ni mweupe," akasema.
"Wodini hawazimi taa."