Zamu ya Maji

Jericho maji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa.
Leo Jumapili nimebakiwa na dumu moja na nusu,
na hiyo nusu tayari ni ya mikono.

Mara saba. Kiganja, mgongo wa mkono,
katikati ya vidole, kucha, kiwiko.
Nikikatizwa na mlango, simu, jina langu,
naanza tena moja.

Miaka thelathini na miwili walinisifu kwa hili.
Wadi ya uzazi, zamu ya usiku:
Sista Nasimiyu hashiki mtoto kabla hajasugua.
Sijui sifa iligeuka lini.
Ilikuja kama mvi,
mbili, tatu, halafu kichwa kizima.

Najua ni safi.
Iandike kwenye karatasi, nitatia sahihi.
Kujua kumekaa sebuleni, kunakunywa chai;
hofu iko jikoni, na ndiyo yenye funguo.

Ngozi imepasuka kama udongo mweusi wa Embakasi kiangazi.
Wekesa wa mkokoteni haniulizi tena nina wageni wangapi.
Humimina, akatazama kando.
Mwanangu asema ni uzee.
Mchungaji asema nikemee.
Daktari, kijana wa kliniki ya Makadara, ndiye aliyeuliza:
"Inakula saa ngapi kwa siku?"
Nikalia. Hakuna aliyewahi kuniuliza saa.

Akanipa vidonge, na kazi ya nyumbani:
osha mara sita.
Ile ya saba, kaa nayo mpaka ichoke yenyewe.

Leo mchana wameleta mjukuu.
Miezi miwili, na sijamgusa,
mimi niliyepokea wana wa watu hadi nikasahau idadi.
"Nyanya ampakate."
Niliosha. Nne, tano, sita.
Ya saba ikasimama mlangoni, imeshika kiuno.
Nikakaa. Wakaniwekea.
Akakamata kidole changu chenye nyufa
akakipeleka kinywani.

Moyo ulinidunda hadi kwenye meno.
Nikahesabu pumzi zake, maana lazima nihesabu kitu:
kumi na moja, kumi na mbili,
akapiga chafya,
hesabu ikanipotea,
na sikuirudia.

Usiku niliosha. Siwezi kukudanganya.
Mara tisa, kwa maji ya kupikia.
Imebaki robo dumu.
Jumanne iko mbali.