Uji

Nianze na majina, maana hapo ndipo watu hucheka:
mimi naitwa Nyang'au,
jina la babu yangu wa Nyamira, halina lawama;
mbwa wangu anaitwa Uji.
Binti yangu Kwamboka alimwita hivyo
siku alipotumbukiza pua kikombeni mwake
akatoka na ndevu za wimbi.
Wakati huo alilala ndani ya kiatu changu.
Sasa akisimama kando ya meza
huisoma sahani bila kuinua kichwa.
Kilo hamsini na tisa. Mweusi kama sufuria ya matanga.

Saa kumi na mbili asubuhi twatoka Section 58,
Menengai begani,
na barabara hufunguka mbele yetu
kana kwamba tumebeba jeneza.
Wanafunzi hupanda ukuta wa kanisa.
Muuza mayai hukumbatia trei zake kama pacha.
Mwanamke mwenye sare ya benki husimama, hufumba macho,
na akiwa bado amefumba huniuliza: "Ameshaenda?"
Mlinzi wa kituo cha petroli hujificha nyuma ya rungu.
Mhubiri wa stejini hutukemea kwa jina la Yesu,
na Uji, apendaye sauti nzito,
huketi kusikiliza.

"Anauma?"
Haumi.
"Mkubwa hivi, hana meno?"
Anayo, arobaini na mawili, niliyahesabu akipiga mwayo.
"Basi siku moja atauma."

Nikicheka. Na nikiri:
mimi, karani wa stoo, mfupi,
niliyesukumwa katika foleni zote za maisha yangu,
nilianza kuipenda ile njia ikifunguka.

Hawajui kwamba radi ya Aprili ikipiga
Uji huingia chini ya kitanda cha Kwamboka,
kitanda kikainuka,
na mtoto akalala mteremkoni mpaka asubuhi.
Hawajui kwamba paka wa jirani alimzaba kofi,
na tangu hapo tukilipita geti lile
yeye hutazama kando, kama mdaiwa.

Jumatano moja, Bi Tapkigen, auzaye miche ya sukuma,
hakukimbia.
Aliweka beseni chini, akateremsha soksi,
akanionyesha shavu la mguu:
nyama iliyokosekana,
ngozi inayong'aa kama nailoni.
"Solai," akasema. "Shamba la pareto.
Nilikuwa na miaka saba, nikaokota kuni upande usio wetu.
Yule naye alikuwa na jina tamu.
Mzungu alimwita kwa upole.
Alimwita baada ya kumaliza."
Akapandisha soksi.
"Mbwa simjui. Naijua kamba.
Huutazama mkono ulioishika."

Nikautazama mkono wangu.

Nilitaka kumwambia habari za radi, za kitanda, za paka.
Yote kweli, na hayakutosha
kuufunika mguu ule.
Uji alinusa miche, akapiga chafya.

Aumwaye na nyoka, walisema, akiona ung'ongo hushtuka.
Hawakusema mwenye ung'ongo afanye nini.

Siku hizi kamba naifupisha.
Nikimwona mtu kwa mbali, mimi ndiye ninayevuka.
Kwamboka, aliyepewa jina la kuvuka mto,
huhesabu: mara kumi na nne kabla ya duka la maziwa.
Kile kibao cha MBWA KALI nilichokikuta getini nilipopanga
nimekigeuza; nyuma hakina kitu,
kutu tu.
Muuza mayai bado hukumbatia trei.
Mhubiri bado hukemea, ila sasa kwa masafa.

Na Bi Tapkigen husimama wima, beseni kichwani,
nami, ng'ambo ya lami, huinua mkono,
ule usioshika kamba.
Kuna asubuhi huitikia, kuna asubuhi hapana.
Uji hutikisa mkia zote,
akidhani ni yeye aliyesalimiwa.