Mwosha Vioo Anamuaga Profesa

Mimi si msomi. Nilikuwa naosha vioo,
chini kabisa, Kitivo cha Kemia, Sofia,
miaka thelathini na mmoja ya asidi
na maji yaliyokenekwa mara tatu.

Siku ya kwanza Profesa Evdokia Karadimova
alimwaga maji katika sahani, akayanyunyizia unga wa ulanga,
akanishika kidole, akakichovya.
Unga ukatimka hadi ukingoni
kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe.
"Umeona, Zdravka? Ni mafuta ya kidole chako tu.
Na mimi nataka kupima kitu chembamba kuliko hayo."

Tangu hapo sijagusa mdomo wa bika, hata nyumbani
glasi naishika kwa tako lake. Wajukuu hunicheka.

Alichopima ni utando wa povu.
Pete ya kioo, tone moja, hadubini.
Aliniita nitazame: waridi, kijani, dhahabu,
kisha kijivu cha majivu,
kisha kitone cheusi, mbegu ya ufuta,
weusi ukatambaa ukala duara zima.
Nikasema, pole, umepasuka.
"Bado," akanong'ona. "Umekonda mno,
hata mwanga hauna pa kurudia."
Tukakaa, yeye na saa yake, mimi na ndoo yangu.
Dakika kumi na nne.
Tramu ikapita nje. Basi.

Ndiyo sababu alipima usiku.
Mpaka tramu ya mwisho iingie karakana,
mpaka redio ya mlinzi inyamaze,
mpaka Lyuben, mumewe, azoee
kula supu yake peke yake, na kuzoea ni kuzoea.

Na mpaka ndilo lililokuwa neno lake.
Si maji, alisema, wala si hewa:
pale vinapogusana, hapo ndipo mambo yote hutendeka.
Wenye mihuri hawakulipenda neno hilo.
Mwaka wa sabini na nne aliandikiwa:
safari ya Uholanzi, hakuna haja.
Akaenda bwana mmoja mwenye tai
akasoma karatasi zake, jina lake mwenyewe likitangulia.
Profesa aliipokea habari akiwa kwangu, kwenye karai,
akasema, "Mafuta huelea daima,"
akaomba kitambaa kikavu.

Sasa nisimulie majira ya baridi ya tisini na saba,
maana kwenye hotuba za leo hayamo.
Mshahara wa mwezi ulikuwa mikate, ukawa mkate,
ukawa kuutazama mkate dukani.
Ognyan alikwenda Ujerumani. Vesela akafuata na mtoto mgongoni.
Tulibaki tisa na jiko moja la umeme.
Akatoa nta, mafuta ya alizeti, maji ya waridi kutoka Karlovo.
"Hawa hawapendani," akasema,
"lakini mpe kila mmoja wa kumshika mkono."
Akakoroga kwa mashine ya Wajerumani iliyokatazwa kuguswa,
nami nikaosha vikopo vya haradali, mia mbili na zaidi,
nikavipeleka Soko la Wanawake.
Wauza kabichi walipaka mikono yao iliyopasuka
wakarudi kesho yake na dada zao.
Tulikula. Katika ripoti ya mwaka aliandika:
*Uthabiti wa emulsheni katika baridi. Matokeo ni mazuri.*

Leo wamempa nishani na ua kubwa lenye karatasi ya kelele.
Baadaye alishuka ngazi, taratibu,
akaomba aoshe chupa moja mwenyewe.
Akasuuza, akainua dirishani.
Kioo safi, alinifunza yeye,
maji huteremka kama shuka moja, hayashiki tone.
Yakashika matone matatu.
Macho yake siku hizi hayaoni vizuri.
"Safi?" akauliza.
"Safi, Profesa."

Alipoondoka nikaiosha tena.