Kikombe cha Jumapili

Karavani tuliinunua kwa mjane wa Medicine Hat,
mji ambao ukilifasiri jina lake ni Kofia ya Mganga.
Makame alicheka njia nzima: tumenunua na uganga wake!
Miaka minne ilikuwa imesimama nyuma ya banda la trekta,
mapazia yamepauka, sakafu imefagiwa jana.
Bafuni, kwenye msumari, kikombe cha bati
chenye neno moja la rangi nyekundu: Jumapili.
Nikatilia miswaki.

Usiku wa kwanza tuliegesha kando ya mto.
Saa nane hivi nikaamka, wala si kwa kelele.
Harufu ya mtu huja, huona haya, huondoka.
Hii ilikaa kitako
kama shemeji aliyesema atalala siku mbili
akashuka na masanduku matatu.

Nikamtazama Makame. Makame akanitazama.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa,
na kila mtu akageukia ukuta wake
na shuku yake.

Asubuhi nikafukiza udi.
Udi ukakutana na mwenzake mlangoni,
wakaoana papo hapo, wakazaa
kitu kibaya kuliko wazazi wote wawili.

Makame naye na dawa zake:
jiki, siki, magadi, kisha jiki tena,
kisha akajaza barafu tangini kupitia tundu la choo
akaikokota karavani kilometa arobaini, kona kwa kona,
eti barafu isugue kuta huko ndani.
Alirudi na harufu ileile
na sahani mbili pungufu.

Mimi nimefua shuka za hospitali Calgary miaka kumi na tisa.
Nayajua ya watu.
Ukitaka kujua uchafu umeanzia wapi
usikimbilie sabuni.
Funga dirisha, zima feni, piga magoti, nusa.
Choo: si hapa.
Sinki: kidogo.
Tundu la bafu, pale tulipokuwa tumeweka ndoo na mifagio
kwa sababu tunaoga kwenye mabafu ya kambi:
hapo.
Nilirudisha kichwa nyuma kama niliyepigwa kofi.

Lyle wa karavani ya jirani, mwenye mbwa wa sikio moja,
hakuingia hata ndani. Alikunja mkono,
akanionyesha kiwiko chake.
Bomba limepinda hivi, alisema, hapa chini.
Kwenye pindo hukaa maji.
Maji ndiyo mfuniko. Yakikauka,
wewe na tangi mnapumua hewa moja.
Basi?
Basi, alisema. Mimina maji.

Nilitafuta cha kumiminia.
Nikamwaga miswaki mezani, nikakichukua kile cha bati,
na neno jekundu likanitazama usoni.

Jumapili.

Kulikuwa na mwanamume humu.
Kila wiki, wageni wawepo wasiwepo,
alifungua mlango huu mwembamba akamimina kikombe kimoja,
akakitundika.
Hakumwambia mkewe. Jambo lenyewe dogo, aseme nini?
Akafa, na kiwiko kikakauka tone kwa tone,
na mama wa watu akafagia, akafagia,
akafikiri ni uzee wa nyumba, au ni wake.

Bomba lilimeza, likatoa sauti moja,
glu,
kama mtoto aliyeshiba.

Sitaki kusema iliisha siku hiyo. Haikuisha.
Zilibaki siku mbili za kufungua madirisha,
na Makame akapanda paa kwa miguu yake mibovu
akatoa kwenye bomba la hewa kiota cha nyigu
kikavu, chepesi, kikubwa kama ngumi.
Lakini usiku wa tatu tulilala tumeelekeana.

Nilimpigia mjane simu. Nikamwambia kuhusu kikombe.
Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza
kama bado nimekitundika palepale.

Wakati wa theluji tunamimina ile dawa ya waridi isiyoganda.
Kiangazi, maji.
Jumapili iliyopita Makame alisahau,
nikamimina mimi. Sikumwambia.