Shemeji wa Chuma

Siku walipomleta, kafungwa plastiki kama sofa mpya,
Zenon alikuwa amekaa miezi saba
kwenye kiti cha kuhesabu skrubu.

Mlango wa mizigo una kilo sabini na mbili.
Karatasini zinasomeka vizuri: saba, kisha mbili.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na aliyeandika karatasi alikuwa mwenzetu wa mbali,
ghorofa ya pili, dirisha linalotazama theluji ya Mielec.

Sisi tulikuwa wanne. Wawili ubavuni, mimi wa pini,
na Zenon chini, kwa kuwa Mungu alimpa kimo
na msimamizi hakutaka kimo kipotee bure.
Aliweka kitambaa begani, mlango ukamkalia,
nami nikasaka matundu ya bawaba,
la kwanza, la pili,
la tatu likikataa kwa milimita moja,
na milimita moja, ukiwa chini yake,
ni ndefu kuliko safari ya kwenda kwa mama mkwe.
Hakuwa mtu wa kulalamika. Aliimba kwa pua.
Wimbo ulipokatika, nilijua.

Kila mlango tulikuwa tukiuchorea kijistari
kwa penseli, kwenye nguzo ya nne:
vinne wima, cha tano kikivifunga kama kuni.
Elfu moja mia moja na vitatu.
Cha mwisho kimepinda.
Tangu hapo hakuna aliyeshika penseli.

Mkewe Bożena ndiye humfunga kamba za viatu.
Aliniambia kwenye foleni ya mkate, bila kuulizwa,
akiangalia viatu vyangu.

Sasa huyu hapa: mguu mmoja, umekazwa sakafuni kwa bolti,
mkono wenye viwiko viwili,
na vikombe vinne vya mpira vinavyofyonza bati
kama ndama aliyecheleweshwa.
Ludwik wa zamu ya pili ndiye aliyembatiza Shemeji,
maana shemeji ndiye huitwa
kabati likitaka kupandishwa ghorofa ya tatu.
"Ila huyu," akasema, "haombi bia."

Niliiona hati yake ya ununuzi. Bei sikuijali.
Niliangalia tarehe ya ombi la kwanza:
miaka mitatu nyuma, na juu yake muhuri,
ISUBIRI.

Mhandisi akasema, bonyeza kijani.
Mlango ukaachana na sakafu, kimya,
ukaning'inia kama ulisahau ni wa chuma.
Zenon akausukuma kwa kidole kimoja, cha shahada.
Ukaenda.
Akauvuta. Ukarudi.
Usufi mtupu.
Hakucheka.

Tukaufikisha kwenye ubavu wa ndege,
nikatoa pini mfukoni,
na Zenon, bila kuitwa na mtu,
akaingia chini yake
akaweka bega.

"Bwana Zenon, hauna uzito. Hakuna haja."
"Najua."
Hakutoka.
Bega lake lilikaa upana wa kidole chini ya bati,
haligusi, halibebi,
kama mtu aliyefika kazini siku ya sikukuu
na hajui aende wapi.

Pini ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ikadai milimita yake kama kawaida.
Nikazungusha kigurudumu, mlango ukashuka unywele mmoja,
pini ikazama.
Mikono yangu haikutetemeka, nikaona ajabu,
nilidhani kutetemeka ni sehemu ya kazi.
Na pale chini, kwa mbali, kitu kama nyuki kwenye chupa:
pua ya Zenon.

Ludwik akachukua penseli, akaelekea nguzo ya nne.
Vijistari vitatu vilikuwa vikingoja cha nne.
"Hapo usiguse," Zenon akasema,
akijitoa chini ya mlango taratibu,
mkono mmoja kiunoni.
"Nguzo ziko nyingi.
Mwanzishie yake."